Wembe wa Kwai na Mbuzi Mwenye Upara

Nikutegee kimoja, na usikimbilie kujibu, kipime kwanza ulimini. Nina ndege wangu hana manyoya hata moja, lakini chakula chake ni nywele za watu. Anakula kila asubuhi, hashibi na hanenepi. Akimaliza anakunja shingo, anaficha kichwa ubavuni mwake mwenyewe, analala. Ukimwacha alale miaka mingi, anaota ndui nyekundu mwili mzima. Nani huyo?

Kama umesema wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, umepata. Na kama umeshindwa, usione haya, maana asubuhi ile ya Alhamisi hapo Lushoto ndege mwenyewe alikuwa ameruka na kiota kilikuwa kitupu, na mwenye ndege alikuwa amekaa barazani kwake amefura kwa hasira.

Sajenti Yunis Shemdoe wa upelelezi alifika saa mbili na nusu, ukungu ungali umelalia migomba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mzito wa mwili, mwepesi wa macho, na juu ya gauni alivaa sweta alilolifuma mwenyewe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Uko peke yako?” Mzee Hamisi alichungulia nyuma yake. “Niliomba polisi wawili.”

“Wa pili amekwenda Mlalo, kuna ng'ombe wamekula kabichi za watu. Umepata mimi.”

“Haya. Bora wewe kuliko ng'ombe.”

Mzee Hamisi alikuwa amenyoa vichwa vya Lushoto kwa miaka arobaini, vya Waislamu na vya Wakristo, vya mahakimu na vya waliohukumiwa. Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, na kichwa chake mwenyewe kilikuwa kitupu kama yai. Alimsogezea sajenti kikasha cha mbao kilichokuwa mkekani.

“Kesho Ijumaa kitukuu changu anatimiza siku saba,” alisema. “Kesho saa nne ananyolewa nywele za tumboni, mbuzi wa akika anachinjwa, watu wanakula. Babu yangu aliupata wembe ule Kwai, wakati wa shamba la Wajerumani. Baba yangu alinyolewa kwa wembe ule. Mimi nilinyolewa kwa ule. Binti yangu Asha, na bintiye Saumu aliyezaa wiki hii, wote kwa ule. Leo baada ya sala ya alfajiri nimefungua niutazame. Tazama wewe!”

Yunis alivaa miwani yake akainama. Ndani ya kikasha mlikuwa na kitambaa cha bluu chenye chengachenga za kutu. Juu ya kitambaa palikuwa na mpini wa pembe ya ng'ombe, umepasuka katikati tangu zamani. Chuma chenyewe, ule wembe hasa, hakikuwepo.

“Mwizi ameniachia mpini,” mzee alisema. “Amevunja, akaacha mifupa, akaenda na nyama.”

Sajenti aliushika mpini kwa ncha za vidole akaupeleka kwenye mwanga. Mpini wa wembe wa kukunja umeshikwa na kipini kidogo cha shaba, chuma kinazunguka hapo. Kichwa cha kipini kile kilikuwa kimesuguliwa kwa tupa, polepole, mpaka kikawa sawa na pembe, halafu kikasukumwa kikatoka. Pembe yenyewe haikuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja.

“Kikasha kina kufuli. Ufunguo unakaa wapi?”

“Juu ya kabati, chini ya msahafu.”

“Na ulikuwepo pale pale?”

“Pale pale, kama ninavyouweka.”

“Kuna kingine kilichopotea?”

Mzee alifikiri. “Mkanda wangu wa ngozi, wa kunolea. Ulikuwa nyuma ya mlango. Radio ameiacha. Saa ya ukutani ameiacha. Mwizi mjinga kabisa.”

Yunis aliandika kwenye daftari: *Ametumia tupa. Amechukua mkanda. Hana haraka. Anajua ufunguo ulipo.* Akamtazama mzee akinyanyua kikombe cha chai. Kikombe kilicheza, chai ikamwagikia kikoi, mzee akakirudisha chini akijifanya hajaona.

“Mzee, nisamehe kwa kuuliza. Kesho, huo wembe ukipatikana, nani ataushika?”

Mzee Hamisi aliingiza mikono yake miwili chini ya kikoi, akaangalia upande wa Magamba kama vile kuna mtu anamwita kutoka huko mlimani.

“Wewe nitafutie wembe,” alisema.

Sajenti aliandika swali lake, na mbele yake akaacha nafasi tupu. Hakupenda kuacha nafasi tupu kwenye daftari.

Hapo Asha alitoka na chai ya tangawizi ya mgeni. Alikuwa mtoto pekee wa mzee, mjane, karibu rika moja na Yunis. Alisalimia kwa sauti ndogo, akaweka kikombe, akarudisha mikono yake ndani ya kanga haraka.

“Mwizi namjua,” mzee alisema binti alipoondoka. “Andika: Fanueli, mnoa visu, yule wa sokoni. Jirani yangu miaka thelathini. Wiki iliyopita kaja hapa, kaniambia, ‘Hamisi, niuzie ule wembe kabla kutu haijaumaliza.’ Nikamfukuza. Mweke ndani leo leo. Asiponirudishia kabla ya kesho saa nne, nampeleka mahakamani, ujirani ufe.”

“Na nyinyi mnaokunywa kahawa pamoja kila jioni?”

“Kahawa nitakunywa na mbuzi.”

*

Sokoni, Fanueli alikuwa juu ya kiti chake, anakanyaga kanyagio la baiskeli, jiwe la mviringo linazunguka, cheche zinaruka kutoka kwenye panga la mtu. Alikuwa mwembamba, mzee wa kanisa, na mdomo wake haukukaa bila maneno.

“Karibu, sajenti. Kisu au ulimi? Vyote nanoa.”

“Simamisha gurudumu, mzee Fanueli. Kunja mkono wa shati.”

“Upi?”

“Wa kushoto.”

Alikunja. Kati ya kiwiko na kifundo cha mkono palikuwa peupe, hapana unywele hata mmoja, kama kiwanja cha mpira katikati ya msitu.

“Umejinyoa mkono kwa kitu kikali sana,” Yunis alisema.

“Kila mnoaji ana mkono huu! Ukitaka kujua makali yamekubali, unapitisha hapa. Nywele zikianguka bila kuvutwa, kazi imekwisha. Mke wangu ananiita kuku aliyenyonyolewa nusu.” Akashusha shati. “Najua kilichokuleta. Huyo Hamisi amepiga kelele mpaka huku. Sajenti, ule ni wembe wa zamani. Chuma chake katikati kimechimbwa, chembamba kuliko ukucha wako. Ningeuweka kwenye gurudumu hili ungeshika moto, chuma kingelegea, ungebaki bati tu. Wembe ule hautaki gurudumu. Unataka msasa mlaini, majivu na limau kwa kutu, halafu jiwe laini la mkononi lenye maji, halafu mkanda wa ngozi. Siku nne, tano. Na uvumilivu ambao mimi sina.”

“Siku nne tano,” Yunis alirudia. “Nani anao huo uvumilivu?”

Fanueli aliufunga mdomo. Watu waliokuwa wanasubiri visu vyao walishangaa, maana jambo hilo hawakuwahi kuliona.

Yunis alitupa macho kwenye ubao wa vifaa. Tupa tatu, koleo, kopo la mafuta, na vijiwe vya mkononi vimepangwa kwenye kitambaa: kigumu, cha kati. Pembeni palikuwa na alama ya mstatili, safi, palipokaa kijiwe kwa miaka mingi.

“Jiwe laini liko wapi?”

“Nimemwazima mtu.”

“Mtu nani?”

“Nimemwahidi sitasema.”

“Mzee Fanueli, jirani yako anataka nikuweke ndani. Unanielewa?”

“Nakuelewa vizuri.” Na hapo, badala ya kutetemeka, alitabasamu mpaka pengo lake likaonekana. “Niweke. Kesho saa nne na nusu utanitoa mwenyewe, tena utanisindikiza mpaka penye pilau.”

Katika miaka ishirini na sita ya kazi, Yunis alikuwa ameshika wezi wanaolia, wanaokimbia, wanaozimia na wanaokemea mapepo. Mwizi anayesubiri pilau hakuwa amemwona. Alifunga daftari.

“Usitoke sokoni mpaka nikwambie.”

“Niende wapi? Nina mapanga kumi na moja.”

*

Aliporudi kwa Mzee Hamisi jua lilikuwa limekwisha kula ukungu wote. Mzee alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Nyuma ya nyumba, karibu na jiko, Abubakari, mume wa Saumu na baba wa mtoto, alikuwa anavuta kamba ya mbuzi mweupe ambaye hakutaka kwenda popote.

“Unampeleka wapi mbuzi wa akika?”

Abubakari alishtuka kiasi cha kuachia kamba. Alikuwa kijana mfanyabiashara wa karoti, mpole, na kila alipoongopa masikio yalimwiva. “Shikamoo, sajenti. Namrudisha Mlola nilikomtoa. Ana ugonjwa. Upara umemtoka, nadhani ukurutu. Akika haitaki mbuzi mwenye kasoro.”

“Marahaba. Mfukoni una nini?”

“Hamna kitu.” Masikio yakaiva.

“Hicho kinacholia.”

Kweli, kwenye mfuko wa koti kulikuwa na kitu kinanguruma kama nyuki kwenye chupa. Abubakari alikitoa, akakizima. Ilikuwa mashine mpya ya kunyolea, ya betri.

“Sema yote,” Yunis alisema, akakalia kinu kilichogeuzwa. “Mimi nina nafasi.”

“Sajenti, mikono ya babu umeiona? Mwezi uliopita alitaka kunisawazisha ndevu kwa wembe mwingine, nikakaa wiki na plasta. Sasa utosi wa mtoto wangu, ambao bado unapumua! Na ule wembe ni kutu tupu. Mke wangu halali. Lakini nani atamwambia babu hapana? Basi jana, alipokuwa msikitini, nikasema, nitauficha. Siibi, naficha tu. Nikatoa ufunguo chini ya msahafu...”

“Ukakifungua kikasha.”

“Nikakifungua, nikakuta wembe umeshaibwa!” Alishika kichwa. “Yaani nilifurahi, halafu nikaogopa, halafu nikaona haya kwamba nimefurahi. Nikafunga. Ndiyo hayo tu, naapa.”

Masikio yake yalikuwa na rangi yake ya kawaida. Yunis alimwamini, tena alishika mdomo asicheke. Aliinuka akamsogelea mbuzi.

“Hebu nione huo ukurutu.”

Mbuzi alikuwa na viraka vitatu vya upara ubavuni, kila kimoja kikubwa kama karata. Yunis alipiga goti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alipapasa kiraka cha kwanza, karibu na bega. Nywele zilikatwa vibaya, juu na chini, na ngozi ilikuwa na vimikwaruzo vidogo vilivyokwisha kukauka. Kiraka cha pili kilikuwa safi zaidi, mkwaruzo mmoja tu. Cha tatu, karibu na paja, kilikuwa laini kama sahani iliyooshwa, kingo zake zimenyooka pande zote nne.

“Abubakari, ulishaona ugonjwa unaokata pembe nne?”

“Hapana.”

“Wala mimi. Wiki iliyopita alikuwa navyo?”

“Nilipomleta Jumapili alikuwa mzima.”

“Jumapili. Leo Alhamisi.” Yunis alihesabu kwa vidole. Siku nne, tano. “Huyu si mgonjwa. Huyu ni daftari la fundi. Kuna mtu alijaribu makali, yakakataa. Akarudi kunoa, akajaribu, yakakubali kidogo. Akarudi tena. Sasa niambie: mnoaji hujaribu makali mkononi mwake. Nani angejaribu kwa mbuzi?”

Abubakari aliutazama mkono wake mwenyewe, wenye nywele tele. “Mtu asiye na nywele mikononi?”

“Basi wewe huwezi kuwa mwizi hata ukitaka. Na mbuzi huyu hakumjua mtu hapa nyumbani kabla ya Jumapili. Anamfuata nani?”

Hapakuwa na haja ya kujibiwa. Mbuzi alikuwa amegeuza shingo kuelekea mlango wa jiko, analia kama anayedai haki yake.

Yunis alibisha hodi, akaingia. Jikoni palinuka moshi, na chini ya moshi palinuka kitu kingine, kitamu na kikali, kama dawa ya kifua. Mkulo. Ule mti wa msituni ambao ukikatwa kipande, harufu haikuachi wiki nzima. Kibao cha kukalia kilikuwa kimeinama upande kidogo. Mguu wake mmoja, wa mti huo huo, ulikuwa umekatwa ncha kwa msumeno. Kwenye ndoo ya takataka, chini ya maganda ya viazi, palikuwa na nusu za malimau, na nyama yake ndani ilikuwa imegeuka rangi ya kutu.

Asha alisimama kando ya mafiga, mikono ndani ya kanga.

“Dada Asha,” sajenti alisema taratibu, “mbuzi amekutaja.”

Asha alimtazama. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, Yunis akadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kimebanwa siku tano.

“Ningefanyaje?” alisema. “Mkono wangu hauna kitu. Nimwombe mkwe wangu aniazime wake?”

Alitoa mikono. Vidole vilikuwa vyeusi kwenye kucha, na gumba la kulia lilifungwa kitambaa. Kutoka nyuma ya debe la unga alitoa kitu kilichoviringishwa kwenye leso, akakifungua juu ya kile kibao.

Yunis aliinama karibu. Chuma kilikuwa cheupe mpaka alijiona pua. Vishimo vichache vya kutu vilibaki karibu na mgongo, ambako haviumizi mtu. Mpini ulikuwa mpya, wa mkulo, wa rangi ya asali, umesuguliwa na kupakwa mafuta, na kipini chake kilikuwa cha shaba kilichotokana na kitasa kikuukuu.

“Nilitaka kesho aukute kwenye kikasha,” Asha alisema. “Mpini wa zamani niliuacha ili niupime mpya kwa huo. Nikasema hatafungua kabla ya Ijumaa, hajafungua miaka kumi na minne! Leo kafungua. Nikashindwa kusema. Fanueli alinipa jiwe na maelekezo, nikamwapisha.”

“Na yeye amekubali kulala mahabusu kwa ajili yako.”

“Amekubali kwa ajili ya pilau. Namjua.”

“Mbona hukumwambia baba yako tangu mwanzo?”

Asha alikunja wembe, ukalala bila sauti. “Nilipokuwa na miaka kumi nilimwomba anifundishe. Akasema kinyozi ni mwanamume. Sikuuliza tena.”

*

Walimkuta Mzee Hamisi ameamka, anatawadha. Yunis alingoja amalize, akaweka leso mapajani pake.

“Ndege wako huyu.”

Mzee alifungua leso. Alitazama mpini wa mkulo, akaunusa. Akaufungua wembe polepole, na mikono yake, iliyokuwa inacheza kwa kikombe cha chai, kidogo ikatulia. Alipitisha gumba kwa upana juu ya makali, kama wanavyofanya wanaojua, akasikiliza. Halafu akaomba unywele. Abubakari aling'oa mmoja mkononi, akampa. Mzee aliuachia juu ya makali. Unywele ulianguka vipande viwili.

“Fanueli hana mkono huu,” alisema. “Fanueli angeuunguza. Nani?”

Mbuzi alilia nyuma ya nyumba.

“Ni mimi, Tate,” Asha alisema, kwa neno la Kishambaa alilokuwa akimwitia alipokuwa mdogo.

“Nani amekufundisha?”

“Wewe.”

“Lini? Sikukufundisha hata siku moja.”

“Ulikuwa ukinoa jioni, na mimi nyuma ya mlango, penye mkanda. Jiweni mara kumi kwenda, mara kumi kurudi, unageuza kwa mgongo na siyo kwa makali. Mkandani mara arobaini. Nilikuwa nahesabu.”

Mzee Hamisi aliangalia mlango, kama vile msichana wa miaka kumi bado yuko pale nyuma yake. Kisha alimgeukia sajenti.

“Yule mpumbavu wa sokoni umemfunga?”

“Yuko huru. Ana mapanga kumi na moja.”

“Mpigie simu. Mwambie kahawa iko palepale, na asije na maneno mengi.”

“Babu, na mbuzi?” Abubakari aliuliza. “Upara si kasoro?”

Mzee alijipapasa kichwa kitupu kuanzia paji mpaka kisogoni. “Kama upara ni kasoro, basi mnichinje mimi wa kwanza. Kuwa kipofu ni kasoro, kuchechemea ni kasoro. Mbuzi amenyolewa tu, tena kiraka cha tatu nimekipapasa jana nikashangaa ugonjwa gani wenye adabu hivi.”

Wote walicheka, hata Saumu aliyekuwa dirishani na mtoto begani. Sajenti Yunis alingoja kicheko kitulie, akafungua daftari kwenye ule ukurasa wenye nafasi tupu, akatoa kifuniko cha kalamu.

“Mzee, nimekutafutia wembe. Sasa nijibu la asubuhi, nifunge jalada. Kesho, nani ataushika?”

Mzee Hamisi aliukunja wembe. Aliutazama ulivyolala, akaugeuza, mpini wa mkulo ukaelekea kwa binti yake, akausukuma mpaka ukagusa vidole vyake vyeusi.

“Andika Asha,” alisema. “Asha binti Hamisi, kinyozi.”